Makohozi Yenye Damu: Maneno kwa Wazee wa Mirerani

Hotuba ya daktari wa magonjwa ya kifua kwa wazee na wachimbaji wa zamani, Siku ya Wazee, Mirerani, wilaya ya Simanjiro.

Shikamooni wazee wangu. Bibi zangu na mama zangu mliokaa upande wa kivuli, shikamooni. Mwenyekiti ameniomba nisipitilize kwa sababu pilau imeshaiva, na mimi sijawahi kuona daktari aliyeishinda pilau, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye shughuli.

Niliambiwa nije kuzungumzia afya ya wazee. Ningeweza kuanza na presha, nikaenda kwenye sukari, nikamalizia na magoti, mkanipigia makofi tukaagana. Nimeona nichukue jambo moja tu, ambalo kwa mji huu lina wenyewe humu humu kwenye viti. Mzee anakohoa njiani, anatema, anatazama chini, anaona damu. Anageuka kuangalia kama yupo aliyemwona. Anaifukia mchanga kwa kiatu, anaendelea na safari. Nyumbani hasemi. Mkewe anakuja kujua baada ya miezi, siku anapokuta leso kwenye nguo za kufua.

La msingi nalisema mapema ili hata atakayesinzia aondoke nalo. Ukishavuka miaka 40, sembuse 60, hakuna damu ya kifuani iliyo ndogo kiasi cha kupuuzwa. Wingi wake unatuambia uondoke saa ngapi kwenda hospitali, usiku huu huu au kesho asubuhi. Hautuambii kama uende au ubaki.

Sababu za kunyamaza nazijua, nazisikia kila wiki. Kikohozi kimenichubua koo. Ni joto la Simanjiro. Ni lile vumbi la zamani, acha litoke. Wengine wanasema wametupiwa kitu. Huyu wa kutupiwa leo sibishani naye. Namwambia njoo upime hivyo hivyo, maana huyo aliyekutupia hajakukataza kutoa makohozi.

Lakini chini ya sababu zote hizo ipo moja kubwa: hofu ya kuitwa mgonjwa wa TB. Mzee anaona kikombe chake kinatengwa, sahani yake inatengwa, wajukuu wanahamishwa chumba. Naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa ninyi watoto wa wazee mliokuja kuwasindikiza. TB ya mapafu haiambukizwi kwa kikombe wala sahani wala kushikana mikono. Inapita hewani, mgonjwa anapokohoa au kuongea kwenye chumba kisichopitisha hewa. Na mgonjwa akianza dawa zinazofaa, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka, ndani ya wiki chache. Anayeambukiza nyumba ni yule aliyeficha. Mtoto mdogo anayelala na babu ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kwa watoto walio chini ya miaka mitano TB inaweza kukimbilia kwenye ubongo. Fungueni madirisha, acheni vikombe.

Sasa, kinachotoka mdomoni si lazima kitoke kifuani. Damu ya kifuani huja na kikohozi. Mara nyingi ni nyekundu ang'avu, ina povu au imechanganyika na makohozi. Damu ya tumboni huja na kichefuchefu, inakuwa nyeusi au ya kahawia yenye chembechembe mfano wa mashapo ya kahawa, na mara nyingi choo nacho kinakuwa cheusi cha kunata. Hiyo nayo ni dharura, usiilalie. Ipo damu ya puani inayoshuka nyuma ya koo ukiwa umelala, asubuhi unaikohoa ukadhani ni ya mapafu. Na ipo ya fizi. Sikuelezeni haya ili mjitibu nyumbani. Nataka ukifika kwa daktari uweze kusema ilianzaje, ilikuwa na rangi gani, ilijaza nini. Maelezo hayo matatu yanatuokolea muda mwingi.

Nije kwenye mji wetu. Tanzanaiti iligunduliwa hapa mwaka 1967. Vijana walioingia mashimoni miaka ya themanini na tisini ndio wazee ninaowaona hapa mbele. Mlichoronga mwamba mkavu, bila maji, bila barakoa, kwenye mashimo yasiyo na hewa. Mkitoka nje mmepakwa weusi wa kinywe, yale madini meusi ya grafiti, mpaka kope, mnacheka, mnatema makohozi meusi, mnasema hiyo ndiyo alama ya mwanaapolo, mchimbaji wa Mirerani. Wazee wangu, ule weusi ulioonekana haukuwa mbaya wenu mkubwa. Mbaya wenu ni vumbi la silika, lile jembamba lisiloonekana kwa macho, ambalo pua hailikamati wala kikohozi hakilitoi. Linafika mwisho kabisa wa pafu, na mwili ukishindwa kulitoa unajenga kovu juu yake. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na makovu yanaweza kuendelea kukua hata miaka mingi baada ya kuacha mgodi.

Kuhusu maziwa. Najua mlinunuliana maziwa kila mkitoka shimoni ili kusafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, endeleeni kunywa, ila yanakwenda tumboni. Kifuani hayafiki. Yakifika kifuani umepaliwa.

Kuna jambo moja kuhusu silika ambalo mchimbaji yeyote anapaswa kulijua. Zipo chembe za ulinzi ndani ya pafu ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Zikimeza silika zinakufa. Na ni chembe hizo hizo zilizotakiwa kuwakamata vimelea wa TB. Ndiyo maana mwenye silikosisi hupata TB mara nyingi zaidi kuliko jirani yake ambaye hakuwahi kuingia mgodini. Na silikosisi peke yake ni nadra kumtoa mtu damu. Kwa hiyo ile sentensi ya "ni lile vumbi la zamani" naomba tuizike leo. Mwenye vumbi kifuani akiona damu, sisi tunatafuta TB kwanza, kisha saratani, kwa sababu tangu mwaka 1997 vumbi la silika limewekwa rasmi kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

TB ya mzee ina ujanja wake. Kijana akiugua anapata homa za jioni, analowa jasho usiku, kila mtu anaona. Mzee anaweza asiwe na homa wala jasho. Anapungua tu. Hamu ya kula inakwisha, suruali inataka mkanda mpya, anachoka kabla ya saa nne asubuhi. Familia inasema uzee umeingia. Na vimelea wenyewe huenda aliwavuta akiwa kijana, wakalala kifuani miaka thelathini, wakaamka nguvu za mwili zilipopungua. Kisukari kinasaidia kuwaamsha: mwenye kisukari ana hatari ya kuugua TB mara mbili hadi tatu ya mwenzake. Kwa hiyo mwenye sukari akikohoa wiki mbili, hata bila damu, apimwe.

Kupima kwenyewe siku hizi si mateso. Unatoa makohozi, yanawekwa kwenye mashine ya GeneXpert, na mashine ikishaanza jibu lipo ndani ya saa mbili, tena inaonyesha kama vimelea wana usugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Kule Morogoro wapo panya wakubwa waliofundishwa kunusa makohozi na kumtambua mwenye TB. Naona mnacheka, lakini ni kweli, na wamesaidia kuwapata wagonjwa ambao hadubini iliwakosa. Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Kwenye vituo vya serikali hulipi vipimo vya TB wala dawa zake. Na tusijidharau kwenye hili. Mfumo wa matibabu mafupi yanayosimamiwa, ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza ulimwenguni katika miaka ya tisini, ulijengwa kutokana na kazi iliyofanyika hapa Tanzania kuanzia mwaka 1977, daktari Karel Styblo akifanya kazi na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma.

Onyo moja dogo kwa walio kwenye dawa: rifampisini inageuza mkojo, machozi, jasho na hata makohozi kuwa na rangi ya chungwa. Usikimbie ukidhani unavuja damu. Ukiwa na shaka, mwonyeshe muuguzi kopo.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona wazee wengi wakizungushwa. Mtu aliugua TB mwaka 2005, akamaliza dawa, akapona. Leo anakohoa damu. Anaandikiwa dawa za TB tena. Baada ya miaka mitatu damu inarudi, dawa za TB tena. Anakuja kwangu na kadi tatu.

TB inapopona inaweza kuacha pango ndani ya pafu. Ninyi mnajua shimo lililoachwa linavyokuwa: wachimbaji wameondoka, madini yamekwisha, lakini shimo lipo na viumbe wengine wanahamia. Ndani ya pango la pafu huhamia ukungu, fangasi wa aina ya aspagilasi, wanajikusanya wakawa donge. Kuta za pango zina mishipa ya damu iliyovimba, donge linaisugua, damu inatoka, na wakati mwingine inatoka nyingi sana. Wengine hawana donge, ila njia zao za hewa zimepanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo na kuvuja damu kila zikipata maambukizi. Mtu wa namna hii unaweza kumpa dawa za TB mpaka mwisho wa dunia, damu haitakoma, kwa sababu TB haipo.

Na mashine yenyewe inaweza kutuchanganya. GeneXpert inatambua vinasaba vya vimelea, na vinasaba hivyo vinaweza kubaki kwenye makohozi hata vimelea wakiwa wamekufa, hasa kwa mtu aliyetibiwa miaka ya karibuni. Ndiyo maana kwa aliyewahi kuugua tunataka makohozi yaoteshwe maabara, tuone kama kuna kinachoishi. Inachukua wiki kadhaa. Wenzangu wa fani wakisikia nasema hivi wataninunia, lakini nitasema: mzee aliyewahi kutibiwa TB ana haki ya kuuliza, "Daktari, mmeona vimelea walio hai, au mmeona makovu?" Uliza kwa adabu, lakini uliza. Kibong'oto haiko mbali, ipo Siha hapo Kilimanjaro, ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi, na kesi za vifua vya wachimbaji si ngeni kwao.

Kwa sababu hiyo tunzeni kadi zenu na picha za eksirei za zamani. Picha ya mwaka 2010 ikiwekwa pembeni ya picha ya leo, kovu la zamani linajulikana kuwa la zamani, na kivimbe kipya kinajulikana kuwa kipya. Najua picha nyingi mmewapa wajukuu, na kuna waliozitumia kutazamia kupatwa kwa jua mwaka 2016, jambo ambalo daktari wa macho atawasemesha siku yake.

Magonjwa mengine nayapitia haraka. Mkamba na nimonia vinaweza kutoa makohozi yenye michirizi ya damu, na vinatibika. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, mapafu yanajaa maji, mtu anakohoa povu la waridi, hawezi kulala bila kuegemea mito, miguu inavimba. Donge la damu linaweza kuganda kwenye mguu likapanda kwenye pafu, hasa kwa mzee aliyevunjika nyonga akalala kitandani muda mrefu, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji: mguu mmoja unavimba, kisha pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma, na damu kidogo kwenye makohozi. Hiyo ni dharura hata kama damu ni tone.

Saratani ya mapafu siwezi kuipitia mbio hivyo. Mvuta sigara au kiko aliyevuka miaka 40 akiona damu, hata mara moja, tunamchunguza mpaka tujiridhishe. Sauti iliyokwaruza na haitengemai, uzito unaoshuka, maumivu ya bega au kifua yasiyoisha, vyote vinaongeza shaka. Eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi kumbe kidonda kipo nyuma ya moyo, ndiyo maana wakati mwingine tunawatuma KCMC, hospitali ya rufaa kule Moshi, kwa CT-scan, ile picha ya kina zaidi ya eksirei, au kuingiza kamera kwenye njia za hewa. CT-scan ina gharama, sitawadanganya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo anapaswa kutibiwa bila malipo, kwa hiyo pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjauza mbuzi. Saratani haiambukizi mtu. Ikikutwa mapema ina njia, ikikutwa imesambaa kazi yetu inakuwa kupunguza maumivu.

Halafu dawa mnazomeza wenyewe. Wapo mnaotumia aspirini ya moyo, wapo wa warfarini, na kila mwenye goti bovu ana diklofenaki mfukoni. Zote hizi zinafanya damu isigande upesi. Lakini dawa hazitoboi pafu. Kidonda kipo mahali, dawa imekifichua tu. Usiache dawa ya moyo kwa uamuzi wako, na usikae nayo kimya. Zifunge zote kwenye mfuko mmoja uje nazo. Mwenye warfarini akiona damu asisubiri kesho.

Sasa saa za kuondoka. Ukiona michirizi tu kwenye makohozi, unapumua vizuri, unatembea, unaongea, basi uwe zahanati au kituo cha afya kesho asubuhi. Hata kama imetoka mara moja ikakoma. Hasa ikikoma, kwa sababu ndipo mnapojisahau.

Unaondoka usiku huo huo kama damu yenyewe imejaa kijiko cha chakula au zaidi, kama inarudi rudi, kama pumzi inabana, kifua kinauma, kizunguzungu, midomo imebadilika rangi, mzee amechanganyikiwa au anazidi kusinzia, au mguu mmoja umevimba. Watu wanadhani hatari ya damu nyingi ya kifuani ni kuishiwa damu. Siyo. Njia za hewa za mtu mzima zinajaa kwa takriban mililita 150, chini ya nusu ya chupa ya soda. Mgonjwa anazama kwa damu yake mwenyewe muda mrefu kabla damu haijamwishia mwilini.

Kwa hiyo usimlaze chali. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi: mzee anakohoa damu, watoto wanamlaza kitandani wanamfunika blanketi. Mketishe, ainame mbele kidogo, ateme kwenye beseni, asimeze. Kama anajua damu inatokea upande gani, au daktari alishamwambia pafu lipi ni bovu, na amechoka kukaa, mlaze kwa ubavu huo huo mbovu, ili pafu zima libaki juu bila damu. Usimpe chakula. Usimpe dawa ya kuzuia kikohozi, maana kikohozi ndicho kinachomsafishia njia. Tangawizi na asali zisubiri, na kujifukiza kusubiri kabisa. Tafuteni gari. Bodaboda hapana: mtu anayeweza kuzimia hapakizwi pikipiki. Kama ni usiku na gari hakuna, amsheni majirani, hata yule mliyegombana naye mpaka wa shamba.

Na kwenye duka la dawa msiende kununua antibayotiki kwanza "tuone kama itakata". Zile za jamii ya siprofloksasini zinaweza kuwapoteza nguvu vimelea wa TB kwa muda, makohozi yakatoka safi kwenye kipimo, ukarudishwa nyumbani na TB yako.

Pale chini ya mwarobaini wamekaa wauguzi wawili na vikopo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au aliyewahi kuona damu hata mwaka jana, achukue kikopo kabla ya pilau. Utoe kimoja leo, cha pili kesho ukiamka. Sukutua kwa maji matupu, simama nje penye upepo mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini. Tunataka makohozi mazito, mate ya mdomoni hayatusaidii. Funga kifuniko vizuri, andika jina. Asiyeandika, muuguzi atamwandikia, na hatatangaza kwa spika.

Nakaribisha maswali. Tuanze na mzee wa kofia nyekundu, ameinua mkono tangu nilipotaja maziwa.